Jibu: Binti wa miezi 6, programu inasema yuko 15, je amedumaa?

Waalaykum salaam, dada wa Wete. Umesema binti yako ana kilo 6.4, programu ya simu ikatoa "15" na wewe usingizi ukakuruka. Ile si maksi za skuli. Wapange watoto wa kike 100 wazima wa umri wake: kiasi 15 ni wepesi kuliko yeye, waliobaki wamemzidi. Basi. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, wa katikati ana kilo 7.3, na mstari wa 3, ambao watoto 3 tu kati ya 100 wako chini yake, uko kwenye kilo 5.8. Hakikisha tu umeiandikia programu kuwa ni msichana, maana kilo hizo kwa mvulana ni mstari wa 3.

La kwanza, itoe kadi ya kliniki, tazama nukta za nyuma. Kama tangu mwanzo anafuata mkondo huo huo, mimi nisingehangaika. Wangu wa pili alikuwa hivyo, sasa hakamatiki. Ila kama alikuwa 50 akaporomoka, au uzito umesimama, mpeleke kesho, usingoje tarehe. Na siku ya kupima mvue nepi na hiyo kanga, nazo zina uzito wake. Urefu hukuutaja, na kudumaa hutazamwa huko, si kwenye kilo.