Neno Moja au Manne?

SWALI: Ndugu Mhariri, neno la Kiingereza "spring" hunikanganya sana. Kamusi yangu inasema ni chemchemi, ni springi, ni majira yanayofuata baridi, na tena ni kuruka. Je, hilo ni neno moja au ni maneno manne?

JIBU: Ni neno moja, ndugu msomaji, na asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, "springan", yaani kuruka au kuchomoza kwa ghafla. Ukilishika wazo hilo la kuchomoza, utayaona maji yanayobubujika kutoka ardhini, waya uliosokotwa unaofyatuka mara tu unapoachiwa, na majani yanayochipua baada ya baridi. Majira hayo hapo zamani yaliitwa "lent", jina ambalo siku hizi limebaki kwa Kwaresima peke yake. Ndugu yake "offspring" ni mtoto au kizazi, yaani kile kilichochipuka kutoka kwa mzazi.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni "spring tide". Wapo wanaoyatafsiri maneno hayo kuwa maji ya majira ya kuchipua, nami huumia kila nionapo kosa hilo katika maandishi yaliyokwisha kuchapwa, kwa sababu Kiswahili kina neno lake kamili, bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida. Bamvua huja mwaka mzima, karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, na "spring" hapo ni kule kupanda kwa maji kwa nguvu.