Kitabu Usichokipenda Kina Neno Nawe

Katika kikundi chetu cha kusoma tulikuwa na desturi ya kuleta vitabu tuvipendavyo. Kila tukikutana, mmoja wetu alisimulia kitabu kilichomgusa, wengine tukaitikia kwa vichwa, tukaandika jina lake, tukaagana. Wengi wetu hatukuwahi kukitafuta kitabu hicho. Siku moja mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri na mtu wa maneno machache, akasema amechoka na sifa. Mkutano ujao, alisema, kila mtu aje na kitabu kilichomkera kuliko vyote alivyowahi kusoma, na aeleze kimemkera wapi.

Sikumbuki mkutano uliochangamka kama ule. Kijana ambaye kwa miezi mingi hakuwahi kufungua kinywa alizungumza robo saa nzima. Dada mmoja alilengwa na machozi akieleza riwaya aliyolazimishwa kuisoma utotoni. Mimi niliondoka na hasira, kwa sababu yule mama alikuwa amekileta kitabu ninachokipenda kuliko vyote.

"Mama, hicho umekisoma chote?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa na heshima aliyostahili.

"Mara mbili, mwanangu," akajibu. "Mara ya pili nilikuwa namtafuta mke wa huyo bwana. Anasema akiulizwa tu. Sura ya tisa anakufa, ili mumewe apate cha kuhuzunikia. Nenda kanitafutie ukurasa mmoja ambapo yule mwanamke anataka kitu chake mwenyewe, hata kikombe cha maji. Ukiupata, nitakiomba radhi kitabu chako."

Nilitafuta wiki nzima. Haupo. Bado nakipenda kitabu kile, lugha yake inanisisimua hadi leo, lakini kila nikifika sura ya tisa namsikia mama yule. Miaka yote niliyokisifu sikuwa nimemwona mwanamke aliyekuwamo ndani yake.

Tangu hapo kila nikikutana na msomaji namuuliza kitabu asichokipenda, na mwenyewe nimejizoeza kuzipeleleza chuki zangu badala ya kuzitangaza tu. Naandika haya kwa ajili ya msomaji mwenzangu ambaye anajiona mjinga kwa kushindwa kukipenda kitabu kinachosifiwa na kila mtu, na pia kwa yule anayekiponda kitabu kwa neno moja na kuendelea na safari yake. Wote wawili wanaacha mali njiani.

Shida inaanzia kwenye maneno yetu. Tunasema kitabu kinachosha, hakieleweki, hakina maana. Maneno hayo yanaeleza hali ya msomaji, hayasemi lolote kuhusu kitabu. Yule mama hakusema kitabu changu kinachosha. Alitaja sura, akamtaja mhusika, akataja kilichokosekana, na ndiyo maana sikuweza kumjibu. Kwa hiyo kitabu kikianza kukukera, kamata penseli. Weka alama mahali hasa imani ilipokatika, kwa maana karibu kila mara kuna mahali. Mimi niliwahi kubeba riwaya nene, iliyotukuzwa sana, nikaiacha katikati nikisema imenichosha. Niliporudi nyuma kutafuta nilipochokea, nikapakuta ukurasa wa arobaini na kitu: msimulizi ananiambia kwamba mzee fulani ana hekima isiyo kifani. Sura tatu nzima nikawa nangoja hekima hiyo. Mzee hakusema wala kutenda jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili za kawaida asingelitenda. Mwandishi alikuwa ameniomba nimwamini kwa mkopo, na hakulipa. Hapo nilikuwa na sababu, na sababu hiyo nimeitumia kupima vitabu vingine vingi, vikiwemo vile ninavyovipenda.

Ukishapata mahali, kuna swali gumu zaidi: je, kasoro iko kwenye kitabu au iko kwangu?

Hapa sina budi kumleta Leo Tolstoy, yule mwandishi mkubwa wa riwaya wa Urusi, kwa kuwa sijui msomaji aliyechukia kwa bidii kama yeye. Alimchukia Shakespeare. Hakumchukia kwa kumpitia juu juu: alimsoma na kumrudia tangu ujana, kwa Kirusi, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, na alipokuwa na umri wa miaka 75 akazirudia tamthilia zote ili ahakikishe kwamba hakosei. Kila mara akapata karaha ile ile. Insha yake ilichapishwa mwaka 1906, na ndani yake anaichambua tamthilia ya King Lear onyesho kwa onyesho, akionyesha kwamba watu hawazungumzi hivyo, kwamba matendo hayana sababu, kwamba wahusika wote wana ulimi mmoja. Mtu anaweza kukataa hukumu yake yote na bado akaheshimu kazi aliyoifanya. Natamani sisi tunaoponda vitabu tungekuwa na hata robo ya subira hiyo.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1947 George Orwell, mwandishi Mwingereza, aliandika insha ya kumjibu, akauliza: kati ya tamthilia zote za Shakespeare, kwa nini Tolstoy aliichagua hii moja kuishambulia? King Lear ni habari ya mfalme mzee anayegawa ufalme wake akitegemea kwamba atapata furaha, na haipati. Tolstoy naye alikuwa bwana wa ukoo mkubwa, akajitenga na mali yake na cheo chake akitafuta amani, na nyumbani kwake hapakuwa na amani. Mwishoni mwa mwaka 1910, akiwa na miaka 82, alitoroka nyumbani usiku, akaugua njiani na kufia kwenye stesheni ya reli ya Astapovo. Binti yake mmoja, aliyemwelewa, alikuwa pamoja naye. Lear naye alikuwa na binti kama huyo.

Siwezi kuapa kwamba Orwell alimwelewa sawasawa. Hata hivyo, niliposoma hoja ile nilikiweka kitabu chini nikakaa kimya muda mrefu. Ilinikumbusha riwaya niliyokuwa nikiisema vibaya kwa miaka, yenye mhusika mkuu anayeahirisha kila jambo: barua hazijibu, ugomvi hausuluhishi, mgonjwa hamtembelei hadi anazikwa. Nilikuwa nikisema mhusika huyo haaminiki. Ukweli ni kwamba namfahamu kupita kiasi. Mimi mwenyewe nimewahi kuchelewa kwenda kumwona mtu, nikakuta kaburi. Kitabu hakikunikosea chochote. Kwa hiyo chuki ikiwa kali kuliko kosa unaloweza kulionyesha kwa kidole, tulia nayo, usikimbilie kuhukumu. Huenda umeguswa penye donda.

Kuna chuki nyingine ambayo chanzo chake ni mazingira ya kusomea, na hii ni rahisi kuitibu. Kitabu cha mtihani hatukisomi, tunakivuna: dhamira tano, tamathali nne, wasifu wa mhusika mkuu. Nilikimaliza kimoja namna hiyo nikaapa sitakigusa tena. Miaka kumi na sita baadaye nilikikuta kwenye rafu ya rafiki yangu, nikakifungua nikimsubiri, nikakuta ni habari ya baba asiyejua kuomba msamaha. Sikuwa nimeliona hilo, kwani halikuwa miongoni mwa zile dhamira tano. Nilichokuwa nakichukia ni mtihani. Vivyo hivyo kuna riwaya niliyoisoma kando ya kitanda cha ndugu yangu aliyekuwa mahututi. Hadi leo sijui kama ni nzuri au mbaya, na sitaihukumu. Watu wakiniuliza, nasema tulikutana wakati usiofaa.

Tena wako wanaokichukia kitabu kwa kuwa si kitabu kingine. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, ugomvi uliozuka ulikuwa mkali. Waliolelewa katika ushairi wa jadi walisema hayo si mashairi kabisa. Naielewa hasira yao: mtu aliyejifunza kupima silabi kwa masikio tangu utotoni, akipewa shairi lisilopimika, anaona amedharauliwa. Lakini "hili si shairi" na "hili ni shairi baya" ni kauli mbili tofauti, na ya kwanza haiwezi kusimama mahali pa ya pili. Ukiona umemaliza kurasa hamsini ukikilaumu kitabu kwa kukosa jambo ambalo hakikuahidi kulileta, kisome upya kwa masharti yake, au kiache.

Kukiacha si dhambi. Mfaransa Daniel Pennac mwaka 1992 alitaja haki kumi za msomaji, na ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Nimeitumia mara nyingi. Sharti langu ni moja tu: nikiacha, nasema nimeacha, na nataja ukurasa nilipoachia. Sitoi hukumu ya kitabu kizima kwa sehemu niliyoisoma.

Kati ya chuki zote, ipo moja ambayo nawasihi wasomaji wenzangu wasiichukulie kama suala la ladha. Ni ya msomaji anayesema: kitabu hiki kimenidhalilisha mimi na watu wangu. Februari 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alisimama mbele ya wasikilizaji katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst, akazungumzia Heart of Darkness ya Joseph Conrad, kitabu kilichokuwa kikifundishwa kama johari. Alionyesha kwamba Mwafrika ndani yake karibu hapewi ulimi. Ni viungo vya mwili, kelele na giza, pambo la nyuma katika habari ya Mzungu mmoja anayeharibikiwa akili. Wengi walimkasirikia. Wengine wakasema hakuelewa, kwamba msimulizi si mwandishi, kwamba nyakati zilikuwa nyingine. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba Achebe hakukana ustadi wa Conrad. Alikiri waziwazi kwamba ni fundi mkubwa wa nathari. Alichouliza ni kama ufundi huo unaweza kukifanya kitabu kiwe kikuu ilhali kinamvua mtu utu wake.

Yule dada aliyelengwa na machozi katika mkutano wetu alikuwa akisema jambo hilo hilo kwa maneno yake. Katika riwaya aliyosomeshwa, msichana mwenye ulemavu kama wake alitumika kuwachekesha wengine, na darasa zima lilicheka. Mmoja wetu akataka kumweleza kwamba kitabu kile ni cha kejeli na mwandishi alikuwa upande wa msichana. Inawezekana kabisa. Ila ninaamini mtu akikuonyesha alipoumia, kazi yako ya kwanza ni kutazama ukurasa pamoja naye. Hoja za fasihi zitafuata. Tulimwomba atusomee kifungu chenyewe kwa sauti. Hakuna aliyecheka, na yule aliyetaka kukitetea kitabu hakukitetea tena siku ile.

Nanyi mnaopenda kitabu kinachopondwa, nawaelewa, nimekaa kwenye kiti hicho. Kifua kinabana kana kwamba umetukanwa wewe. Jizuie kuuliza "umekisoma chote?" kama nilivyouliza mimi. Uliza "ni ukurasa gani?" Swali hilo likikosa jibu, mazungumzo yatakufa yenyewe bila ugomvi. Likipata jibu, utakuwa umepewa macho mengine ya kukisomea kitabu chako. Na wewe unayeponda, mtazame usoni mtu aliyeketi mbele yako kabla hujaanza. Sema kitabu kimeshindwa wapi; usimwambie wanaokipenda ni watu wa namna gani. Nimeona urafiki wa miaka ukitiwa ufa kwa kosa hilo, na kitabu chenyewe kikasahaulika mwaka uliofuata.

Zamu yangu ilipofika nilileta ile riwaya nene, ya mzee mwenye hekima ya kuambiwa. Nilieleza kisa changu cha ukurasa wa arobaini na kitu, watu wakakubali. Yule mama hakusema neno. Baada ya mkutano akaniomba nimwazime. Alikaa nayo wiki tatu, akanirudishia ikiwa na mstari mmoja wa penseli pambizoni mwa ukurasa wa 212, mbali sana na nilipoachia, na maneno mawili: "Hapa je?"

Katika ukurasa ule mzee anaombwa ushauri na mjukuu wake. Anafungua kinywa, anakosa la kusema, anamshika mtoto mkono, na wanakaa hivyo mpaka taa inazimika. Niliusoma mara tatu. Nilimpigia simu nikamwambia riwaya bado siipendi, ila ukurasa wa 212 nimeukubali. "Basi geuza," akasema, "tuanze na 213."