Namba haikatwi popote

*Assalamu alaykum Mwalimu. Mwanangu wa kike yupo darasa la nne hapa Wete. Kuzidisha anaweza, na jedwali la mara sita analijua kama Alhamdu. Ikija kugawanya anakunja uso. Skuli wamefundishwa waivunje namba vipande ndiyo waigawe. Juzi nimefungua daftari lake nikakuta 72 ÷ 4, kaandika 70 ÷ 4 na 2 ÷ 4, akaacha hapo. Chini yake 84 ÷ 6, kaandika 84 ÷ 4 = 21, 84 ÷ 2 = 42, jawabu 63. Baba yake anasema huko ni kumzungusha mtoto, afundishwe ile ya kushusha namba tuliyosoma sisi. Nishike la nani?*
*Mama, Wete*

Wa alaykumu ssalaam, mama. Ahsante sana kwa kuninakilia hesabu zenyewe kama alivyoziandika. Wazazi wengi huniandikia tu kwamba "mtoto hajui", nami hubaki sina pa kushika. Hapa pa kushika papo. Mwanao amekosea mara mbili, na makosa hayo mawili hayafanani hata kidogo.

La kwanza lina akili ndani yake. Tangu darasa la kwanza tumemfundisha kuwa 72 ni makumi 7 na mamoja 2. Aliposikia "vunja", akavunja pale alipozoea: 70 na 2. Kweli, 70 na 2 ni 72, lakini 70 haigawiki kwa 4 bila ya kubaki kitu, na 2 ndiyo kabisa. Tunapotaka kugawanya, namba tunaikata pale inapokubaliana na ile inayogawa. Mkungu wa ndizi unaukata kwenye chana. Hupitishi kisu katikati ya ndizi. Chana za 4 mwanao anazo kichwani tayari, ndilo lile jedwali analolisema.

Basi muulize hivi: "Katika 72, fungu gani kubwa la nne unaloweza kulitoa bila kuhesabu vidole?" Atasema 40, maana nne mara kumi ndiyo nyepesi kuliko zote. Atoe 40. Zimebaki 32, nazo ni nne mara nane. Kumi na nane: 18. Mwambie aihakikishe mwenyewe kwa kuzidisha, 18 mara 4, aone 72 imerudi. Nimeshapata mtoto aliyeikata 36 na 36, akapata 9 na 9. Mwengine alianza na 80, akaona zimezidi 8, akasema 20 kasoro 2. Wote walifika 18, na wote niliwatia vema.

Sikuwa hivyo zamani. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilikuwa na kijana aliyekuwa akimuuzia bibi yake kashata jioni. 96 ÷ 4 akaniandikia 24, hakuna hata mstari mmoja wa kazi. Nikamtia kosa kwa wino mwekundu, nikidhani ametazamia kwa mwenzake, kisha nikamwita mbele. Akanambia polepole, macho chini: "Mwalimu, mia kwa nne ni ishirini na tano. Hizi zimepungua nne, basi kila mmoja kapungukiwa moja." Nililifuta lile kosa pale pale, lakini wenzake walikuwa wameshamcheka. Tangu siku ile sitii kosa kabla sijamuuliza mtoto amefikaje.

Sasa hilo la pili, mama, ndilo la kulikalia kitako, kwa sababu jawabu linatoka safi na mtoto anaridhika nalo. Ameona 6 ni 4 na 2, akafikiri kama vile 84 inavyovunjwa, basi na 6 ivunjwe. Usimwambie kwanza kwamba kakosea. Mwambie: "Tuna shokishoki 84 na watoto sita. Umesema kila mmoja atapata 63. Wape." Mtoto wa kwanza 63. Wa pili hazimfiki, zimebaki 21 tu. Atashtuka mwenyewe. Hapo ndipo umuoneshe alichokiandika: 84 ÷ 4 maana yake shokishoki zote amewapa watoto wanne. Wale wawili atawapa nini? Kwenye mstari wa pili amezitoa zote tena, zile zile 84, akawapa wawili. Kagawa tenga moja mara mbili.

Kinachokatwa ni shokishoki, watoto hawakatwi. Atoe 60 kwanza, kila mtoto 10. Zimebaki 24, kila mtoto 4. Jumla 14. Watoto sita wapo pale pale mara zote mbili, kinachobadilika ni fungu lililo mkononi mwake.

Ipo njia moja ambayo ile 6 unaweza kuigusa, nayo naitaja kwa sababu wapo watoto wanaoigundua wenyewe, kisha wakakatazwa bure. Gawa 84 kwanza mafungu mawili, 42 kwa 42, kisha kila fungu ligawe kwa watoto watatu: 14. Hii ni sahihi kwa kuwa 6 ni 2 mara 3, na umegawa halafu ukagawa tena kile kilichopatikana. 4 kujumlisha 2 ni jambo jengine. Mwanao asifundishwe hii mpaka ile ya mwanzo imkae.

Na baba yake, maneno yake yana haki. Njia ya kushusha ni nzuri na ataihitaji. Lakini tuitazame kwa karibu: 84 ÷ 6. "Sita katika nane, mara moja. Nane toa sita, mbili. Shusha nne, ishirini na nne. Sita katika ishirini na nne, mara nne." Ile nane ni nane kweli? Ni 80. Ile moja uliyoiandika juu ni 10, na ile sita uliyoitoa ni 60. Zikabaki 24. Kwa hiyo 84 imekatwa 60 na 24, sawasawa na tulivyogawa shokishoki. Njia ya baba na njia ya skuli ni moja. Ile ya zamani imeficha sifuri zake ili iandikike haraka.

Na hizo sifuri ndizo zinazowapoteza watoto. Mpe mtoto aliyekariri kushusha tu 612 ÷ 6. Wengi huandika 12. Sita katika sita mara moja, sita katika moja haiingii, wanairuka, sita katika kumi na mbili mara mbili, kwisha. Yule anayevunja anaona 600 na 12, anapata 100 na 2, anaandika 102, na hata ukimwambia 12 atakukatalia. Ndiyo maana nasema kuvunja kutangulie, kushusha kufuate. Mtoto akishaona kwamba ile "mara moja" ni mara mia au mara kumi, baba amfundishe kushusha, na atashangaa kwa wepesi wake.

Vifaa usinunue. Kama baba anacheza bao, azilete kete nyumbani jioni moja. Kete za bao ni 64. Weka visahani vinne mkekani, mwambie mtoto azigawe sawasawa. Mwanzo atagawa mojamoja, huku moja, kule moja. Mwache kidogo. Kisha muulize: "Huwezi kutia nyingi kwa mkupuo mmoja?" Atatia kumi kila kisahani. Arobaini zimeondoka, zimebaki 24 mkekani, na hapo kaa kimya. Nimeona mara nyingi mkono wa mtoto ukisita juu ya zile zilizobaki, midomo inatikisika, kisha unachota sita, sita, sita, sita. Ndipo mpe kalamu aandike alichokifanya: 40 ÷ 4 = 10, 24 ÷ 4 = 6, jumla 16. Hesabu tatu kwa usiku zinatosha, akirudi chuoni na akishakula.

Akizoea, ingieni kwenye namba zenye maana kwake. Msahafu uliopigwa chapa Madina una kurasa 604. Muulize akitaka kuhitimu katika siku 30 za Ramadhani asome kurasa ngapi kwa siku. 600 na 4: ishirini kwa siku, na 4 za ziada azipangie siku anayotaka. Hizo 20 azigawe kwa sala tano, nne baada ya kila sala. Mjukuu wangu alilipata hili mwenyewe akalibandika kwa karatasi juu ya kitanda.

*Mwalimu, mjukuu wangu kagawa 87 kwa 6 akaandika 14.3. Namwambia si kweli, ananionesha baki ni 3. Nimjibu vipi?*
*Babu, Mkoani*

Shikamoo babu. Uko sawa, na yeye yuko karibu. 87 ni 60 na 24 na 3, kwa hiyo 14 na baki 3 ni sahihi. Kosa ni ile nukta. 3 hizo bado hazijagawiwa, yeye kazibandika tu mwisho. Mpe boflo tatu na watoto sita, umuulize kila mmoja atapata nini. Atakwambia nusu. Nusu kwa nukta huandikwa .5, basi jawabu ni 14.5.