Mume ana saratani ya mapafu hatua ya nne, ndugu wanataka asiambiwe: sisi tulimficha mke wangu

Dada, pole sana. Umeandika kwamba mumeo kagundulika na saratani ya mapafu hatua ya nne, dripu ya kwanza ya dawa za saratani ni Jumatatu, na mashemeji wamekuapisha usimtajie jina la ugonjwa. Mimi niliapishwa hivyo hivyo mwaka 2021. Nilikubali, na najuta mpaka leo.

Mke wangu alianza kukohoa tukiwa Tabora. Hospitali ya kwanza wakasema TB. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini alimezeshwa dawa miezi sita kamili huku anakonda tu. Tulipopata rufaa ya Dar es Salaam ndipo wakapiga kipimo cha CT, wakatoa maji yaliyojaa ubavu wa kulia, wakachukua kinyama kidogo cha kupima. Majibu tulipewa mimi na kaka yake, mwenyewe yuko kwenye benchi nje. Tukapatana palepale kwenye ngazi: tumwambie mapafu yamechafuka.

Halafu mtu uliyemwambia hivyo unampeleka Taasisi ya Saratani Ocean Road! Anajua kusoma, na jina aliliona. Hakusema neno. Wiki tatu tulilala kitanda kimoja, yeye anajifanya hajui, mimi najifanya hakuna kitu. Usiku namsikia analia, kanga ameiziba mdomoni. Aliyevunja ukimya ni yeye: "Baba watoto, umechoka kunificha. Twende wote kwa daktari, nimuulize mimi."

Alimuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: "Hizi dripu ni za kuniponya au za kunipunguzia?" Daktari akamjibu taratibu kwamba kwa hatua ile ugonjwa hauponi, dawa ni ya kuurudisha nyuma, apate pumzi na muda. Siku mbili hakutaka kuongea na mtu. Siku ya tatu akaomba uji.

Kwa hiyo kwa mumeo usikurupuke kumwaga kila kitu. Muulize kwanza anaelewa nini kuhusu maradhi yake, na angependa kujua kiasi gani. Wapo wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Lakini achague yeye, wasimchagulie kaka zake.

Kuhusu dripu zenyewe: mke wangu alipewa kaboplatini na paklitakseli, kila baada ya siku 21. Siku ya dripu alirudi anatembea. Kazi ilianza siku ya tatu: viungo vinauma, kichefuchefu, chakula kina ladha ya chuma. Nilipika kidogo kidogo, nikaacha kumlazimisha. Kinga hushuka zaidi takriban kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa hiyo nunua kipimajoto. Sisi homa tuliipuuza mara moja, tukampa panado, asubuhi hakuweza kusimama. Ikifika nyuzi 38 nenda hospitali usiku huohuo, na useme mlangoni kabisa kwamba yuko kwenye dripu za saratani. Ganzi ya vidole huletwa na dripu hizo, mwambie daktari kliniki ijayo. Ila miguu ikikosa nguvu ghafla au mkojo ukimponyoka, usingoje kliniki: uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa.

Jambo jingine, morfini ya maji. Ndugu zetu waliposikia jina hilo wakaanza kulia, wakidhani ndiyo mwisho. Sivyo. Maumivu yalishuka akalala usiku mzima, na hata kuhema kwa shida kulipungua. Inafunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Pumzi ikimbana, mkalishe ameinama mbele kwenye mto, feni ndogo impulizie usoni. Inasaidia kuliko unavyodhani.

Muulizeni daktari pia kama kinyama kinaweza kupimwa vinasaba vya uvimbe, kile kipimo cha EGFR, maana wapo wanaofaa kutibiwa kwa vidonge. Mke wangu hakuwahi kugusa sigara, na bado kila aliyekuja kumwona aliuliza kama alikuwa anavuta. Swali hilo lilimuumiza. Kama mumeo alivuta, usiruhusu mtu amsomee kesi kitandani.

Mke wangu aliishi miezi 13 baada ya siku ile kwa daktari. Alikabidhi daftari la kikoba kwa mwenzake, akamfundisha binti yetu mkubwa kuoka maandazi ya biashara, akaomba arudi Tabora mvua zikianza, na nikamrudisha. Hayo asingeyafanya kama tungeendelea kumwambia mapafu yamechafuka.

Jumatatu beba kitenge kizito, maana dripu inakaa masaa na mtu husikia baridi. Beba maji ya kunywa, na daftari la kuandika tarehe, dawa na homa. Ukae upande wa mkono usio na sindano, ili uweze kumshika.