Kabla Hujawasha Mashine ya Polishi

Gari jeusi likitoka kuoshwa, ukilitazama kivulini utasema ni jipya. Lisogeze juani uone: boneti nzima ina nyuzinyuzi kama utando wa buibui, zimelizunguka jua lenyewe.

Wengi wanaoanza kazi hii hudhani kuna mtu alisugua kwa kuzungusha mkono. Chukua tochi uisogeze taratibu juu ya boneti. Lile duara nalo litahama, litaifuata tochi popote. Mikwaruzo imeelekea kila upande, ila ile iliyoukingama mwanga ndiyo inayong'aa, na jicho linaiona kama duara. Basi usitafute aliyezungusha mkono. Tafuta kitambaa kilichodondoka chini, kikaokotwa, kikaendelea na kazi.

Magari mengi ya siku hizi yana rangi yenyewe chini na kliya, lile tabaka angavu lisilo na rangi, juu yake. Kliya ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 hivi, nyembamba kuliko unywele wako, na mikwaruzo hii yote imo humo. Sasa shika hili: polishi haiuzibi mkwaruzo. Inakula kliya iliyo pembeni mpaka ishuke usawa wa kina cha mkwaruzo. Kila unapong'arisha unapunguza kitu ambacho hakirudi.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa gari la bluu, mlangoni lina ule mkunjo wa bati unaopita katikati, na juu ya mkunjo kuna alama ndogo iliyogoma kutoka. Nikaikazia mashine. Kugeuza sponji ya mashine, imekuwa ya bluu. Kliya ilikuwa imekwisha pale, na mlango ukapigwa rangi upya kwa pesa yangu. Kwenye mikunjo na kingo rangi huwa nyembamba na mashine huelemea hapohapo. Siku hizi nabandika tepu ya karatasi juu yake, namalizia kwa mkono. (Kama sponji inachukua rangi kila unapogusa, tangu mwanzo, huenda gari ni la zamani lisilo na kliya kabisa. Hilo ni jambo jingine, usishtuke, ila nenda kwa adabu.)

Kabla ya yote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, achana na ndoto ya kuufuta. Unaweza kuulainisha kingo usimete sana, basi, na mwenye gari umwambie mapema, kabla hujaanza kazi.

Osha gari, kisha pitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni ya kutosha, maana uchafu ulioganda utaingia kwenye sponji na kukutengenezea mikwaruzo mipya. Kama ndio unaanza, tumia mashine inayozunguka huku ikiyumba. Ile inayozunguka tu inakata haraka na inapasha bati moto haraka. Iache mpaka mkono uzoee.

Halafu chagua kipande kimoja, kama sentimita 40 kwa 40, ujaribu. Anza na sponji laini na polishi laini kuliko zote ulizonazo. Matone manne kama punje za njegere yanatosha. Tembeza mashine polepole, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia, kisha weka kiganja juu ya bati: likikuunguza, umezidisha. Mikwaruzo ikitoka kwa dawa hiyo laini, gari zima litatoka hivyohivyo. Isipotoka, ndipo upande ngazi moja ya ukali. Nimeona vijana wakianza na dawa kali ili wamalize mapema, kisha wanashinda wakifuta ukungu ulioletwa na dawa hiyohiyo.

Usijisifu kabla hujafuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda. Niliwahi kukabidhi gari linang'aa, tukapeana mikono, na baada ya kuoshwa mara mbili likarudi na utando wake wote. Futa, washa tochi, tazama, ndipo uendelee. Nta ije mwisho kabisa, kwa kuwa nayo inaficha.

Kazi yako itadumu kadiri gari litakavyooshwa. Mwelekeze mwenye gari atumie ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, aanze juu kushuka, na rimu ziwe na kitambaa chake. Vumbi kavu lisifutwe kwa chochote, hata kama anawahi harusi. Na wewe mwenyewe, ukifungua taulo jipya la maikrofaiba, kata ile lebo ya pembeni kwanza. Uzi wake ni mgumu, na juu ya rangi nyeusi unaacha alama utakayoijua ukishawasha tochi.