Madogo wa hotirodi, acheni kusema "siti zimebaki tu"

Jana kuna dogo kanitumia picha za rodista yake, gari la watu wawili lisilo na paa, anayoijenga nyumbani iwe hotirodi, yaani gari la zamani lililoundwa upya na kutiwa injini yenye nguvu. Nilifurahi kweli, chesisi safi, injini imekaa, sakafu imechomelewa na kupigwa rangi kabisa, usukani umefungwa, alafu chini kaandika "siti zimebaki tu mzee". Nikaweka simu mezani nikashika kichwa. Huyu ni wa nne mwaka huu. Zimebaki tu! Yaani mtu kashona suruali mpaka pindo ndio anaenda kumpima mwenye nayo.

Basi naandika mara moja nipumzike, nyie mkishanipenda mtanisamehe makelele.

1. Siti ndio inaanza, sakafu inaifuata. Hizi gari ni ndogo jamani. Ford Model A ya 1928 mpaka 1931, au ile ya 1932 ambayo kila mtu anaitaka, zilitengenezwa kwa watu wanaokaa wima kama wanapigwa picha ya pasipoti, juu ya kochi moja la springi. Wewe unakuja unashusha bodi juu ya chesisi, unakata kioo cha mbele kiwe kifupi, unaingiza gia boksi nene kuliko ya mwanzo, alafu unategemea ukae kama uko sebuleni. Kila inchi uliyoshusha bodi umeitoa kwenye nafasi ya miguu yako mwenyewe. Kwenye Model T nyingi, Ford iliyotangulia hiyo Model A, dereva alikua amekalia tenki la petroli kabisa, akitaka kujua mafuta yamebaki kiasi gani ananyanyua kochi anachovya kijiti. Kwahiyo kukaa kwa shida ni urithi wa haya magari, ila sio lazima wewe uwe mrithi.

2. Kaa kwenye mbao kwanza. Vipande viwili vya plaiwudi, kimoja makalio kimoja mgongo, bawaba katikati, kabari za mbao chini, na juu yake sponji ya unene uleule utakaotumia. Vaa viatu utakavyoendeshea. Shika usukani, kanyaga klachi mpaka chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Alafu kaa lisaa lizima, weka redio, jibu meseji. Lisaa, sio dakika mbili.

Dakika mbili nazijua mimi.

Rodista yangu ya kwanza niliitengenezea siti za ndege, zile za bati la alumini zenye matundu matundu. Asili yake ni siti za ndege za kivita, vita ya pili ilipoisha mabaki ya jeshi yakauzwa na vijana wa Marekani wakazifunga kwenye magari yao kwa sababu ni nyepesi. Za kwangu nilikunja mwenyewe, wiki tatu, kila tundu nimelipindisha kingo kwa mkono, nikawa nazipapasa kama mtoto mchanga. Nikaziweka ndani ya gari, nikakaa na ovaroli, dakika mbili. Macho yanaona vizuri, usukani uko pale, miguu inafika. Safi! Nikachomelea vishikio, nikapiga rangi sakafu, nikafunga usukani moja kwa moja, nikampelekea fundi wa kushona siti kwa mbwembwe.

Fundi akazishika, akazigeuza, akauliza swali moja tu, "sponji unataka inchi ngapi?"

Aisee. Nilisimama pale kama mtu aliyeulizwa jina la mkewe akalisahau. Nilipima kila kitu nimekalia bati tupu. Kwenye hesabu zangu zote sponji haikuwepo.

Kwa ubishi nikasema weka nne. Nikakaa, ikashuka kidogo, lakini bado nilikua nimepanda karibu inchi 3, na fremu ya juu ya kioo ikaja katikati ya macho yangu sawasawa. Barabara nusu naiona juu ya kioo na upepo wote usoni, nusu naiona chini yake. Mapaja yakabanwa na usukani, ili nitoe mguu kwenye klachi ilibidi nigeuze goti nje kama chura. Sasa mtu mwenye akili hapo angekata sakafu. Mimi nikarudi kwa fundi nikamwambia ng'oa, weka inchi 1. Aliniangalia, hakusema kitu, akachukua kisu.

Nikatoka na mama watoto safari ya masaa mawili. Nusu saa ya kwanza tunaimba. Ya pili nimenyamaza, nabadilisha kalio hili na hili. Kiti kilikua bapa kama meza kwa sababu sakafu ilikua bapa, kwahiyo uzito wote umekaa kwenye mifupa miwili ya makalio, na kingo ya bati ya mbele inanikata chini ya paja. Kila nikishika breki nateleza mbele. Baadae mguu wa kushoto ukaanza sisimizi, alafu sisimizi wakaondoka, nikajua umepona. Kumbe umekufa ganzi. Tumefika kwenye makutano nikakanyaga klachi, au niliamini nimekanyaga, gari likaruka likazima, nyuma honi zinalia. Nikasema ngoja nishuke nisukume pembeni. Nikashuka, mguu haupo! Nikaenda chini magoti yote mawili pembeni ya gari langu mwenyewe, mikono imeshika fenda, ungesema naliungamia dhambi. Mama watoto alicheka mpaka machozi, alafu akafuta macho akaniambia, "baba, hiyo siti umemtengenezea nani?"

Miezi miwili ikaenda kurekebisha. Nilikata sakafu yangu yenye rangi nikaishusha kati ya reli za chesisi, nikahamisha usukani, nikaziba matundu nikatoboa mengine. Rangi haikuwahi kufanana tena. Kidoa kipo mpaka leo chini ya kapeti, madogo wakija gereji nafunua nawaonyesha kabla hata ya kuwaonyesha injini.

3. Pembe. Mbele ya kalio iwe juu kuliko nyuma, mgongo ulale kidogo. Yangu sasa mbele imezidi inchi 2 na sitelezi tena. Kiunoni kunja taulo uweke wakati wa majaribio, pale linapokuambia asante ndio fundi ajaze sponji.

4. Sponji iwe tabaka mbili, ngumu chini laini juu. Chini yake springi za zigizaga au mikanda ya mpira, sio bati kavu. Na mkumbuke rodista haina paa, sponji ya kawaida inakunywa mvua kama ngamia, tafuteni isiyonyonya maji na mtoboe matundu ya kutolea maji.

5. Siti za gari lingine ruksa, za Mazda MX-5, kale kagari kadogo ka watu wawili, wengi wanazipenda kwa sababu ni nyembamba. Ila pima mgongo kabla hujanunua, kuna jamaa alizifunga kwenye bodi iliyoshushwa, zikachomoza juu ya milango kama mawe ya makaburi mawili. Gari zuri, ukiliangalia unataka kutoa pole.

6. Mikanda, na hapa sicheki. Bolti za gredi 8, zile za chuma kigumu, za inchi 7/16, zishike kwenye chesisi au kwenye sahani nene ya chuma, sio kwenye bati la sakafu, bati linachanika. Mkanda wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga sio tumboni. Ule wa mabega utokee usawa wa bega au chini yake kidogo tu, ukiufunga sakafuni nyuma ya siti siku ya ajali unakuvuta uti wa mgongo kwenda chini. Na ukipandisha au kushusha siti hivi vipimo vyote vinahama, ndio maana nawapigia kelele tangu namba 1.

7. Toa pochi mfuko wa nyuma. Kama ekzosi inapita chini ya siti weka kizuia joto.

Yule dogo nilimwambia asiniandikie tena mpaka akae ndani ya gari juu ya kitu chochote anitumie picha. Asubuhi imeingia. Kakalia ndoo iliyogeuzwa, magoti yako usawa wa masikio, usukani uko tumboni, anatabasamu, na chini kaandika, "mzee, nikivua viatu itasaidia?"