Kabla Hujamwita Vasco da Gama Shetani

Jana nilipita mnara wa Vasco da Gama hapa Malindi, nikamsikia kijana mmoja, mwongoza watalii mgeni wa kazi, akiwaambia watalii kwamba huyo baharia Mreno ni "Hitler wa Bahari ya Hindi". Wageni wakaguna, naye akazidisha sauti. Nikacheka, kisha nikaona haya. Maneno hayo nimeyauza sana mimi mwenyewe, mwongoza watalii wa siku nyingi. Basi ninyi wapya wa kazi hii, sikieni.

1. Shikeni miaka. Malindi Vasco alifika Aprili 1498, akitoka Mombasa walikokosana. Kilwa aliilazimisha kulipa kodi 1502. Haya, tuendelee.

2. Usihamishe dhambi ya mtu. Hapa ndipo nilipoanguka. Mwaka huo wa 1502, pwani ya Malabar kule India, aliikamata merikebu iitwayo Miri iliyobeba mahujaji waliotoka Makka, akaipora, akaitia moto watu wakiwa ndani, wanawake na watoto pia. Mamia waliangamia. Sasa mimi nikaona Malabar ni mbali, wanafunzi watasinzia. Nikaileta Miri huku kwetu.

Nilikuwa na darasa la saba, jua la saa sita. Nikanyoosha kidole baharini: "Iliungua pale pale!" Nikatia na mayowe, na mwaka nikautaja 1498. Watoto kimya, bakshishi naiona ile inakuja. Msichana mmoja, soksi yake imeshuka hadi kiatuni, akainua mkono. "Kama aliwachoma watu hapa, mbona Sultani wetu alimpa rubani wa kumfikisha India?"

Ningesema "nimekosea, mwanangu," yangeisha. Nikasema Sultani aliogopa. "Mbona wa Mombasa hakuogopa?" Nikasema Mombasa walikuwa wengi. "Wangapi?" Wallahi nikataja idadi. Mwalimu wao akafunika kalamu yake taratibu, akasema, "Asante, sasa watoto watatazama bahari." Nikabaki mimi na ule msalaba wa mnarani, wa jiwe la Lisbon, tunatazamana.

Jibu lilikuwa jepesi. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na Sultani akaona mgeni mwenye mizinga atamfaa. Miri ilikuwa bado miaka minne. Je, Sultani naye ni mwovu? Wataliuliza hilo, na "hatujui" si jibu la kulipiwa.

3. Ya kwetu msiyaruke. Mashamba ya nafaka ya Malindi, karne ya 19, yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba hawakuwa Wareno. Mkipita hapo mbio mbio, yuko mtu nyuma ya kundi ambaye bibi ya bibi yake alilima humo.

4. Bebeni maji.

Neno "mwovu" lenyewe silikatazi. Kwa Miri nalitamka bila kumung'unya, nikishataja mwaka, bahari, na walioungua. Kisha nafunga mdomo, mgeni apige hesabu yake.

Wewe wa jana, mwenye kofia nyekundu: kesho saa mbili asubuhi, chai na mahamri nalipa mimi. Njoo na daftari. Hitler mwache nyumbani.